Laivu inaganda? Kwanza jua kosa liko wapi

Harusi iko Chuno, Mtwara. Bibi harusi ametoka ndani, ndugu walioko Dar es Salaam na Muscat wanafuatilia kwenye simu. Ghafla picha inaganda. Ndoa haifungwi mara mbili kwa sababu laivu imegoma, hivyo mtengenezaji wa programu lazima ajue pa kuanzia.

Nani amekwama? Akiwa mtazamaji mmoja, angalia mtandao au simu yake. Wakiwa wote, rudi kwa anayerusha.

Soma namba. Programu ya OBS huonyesha fremu zilizopotea na sababu yake. Zikidondoka kwa ajili ya mtandao, njia ya kutokea ni nyembamba. Zikirukwa wakati wa kubana video, kompyuta imezidiwa. Punguza ukubwa wa picha.

Pima kasi ya kupakia. Wengi hupima ya kupakua, wakati laivu inatoka, haiingii. Ukipata megabiti 4 kwa sekunde, rusha kwa 2.5 hivi. Inatosha kwa picha ya 720p, na inakula bando la zaidi kidogo ya GB 1.1 kwa saa.

Haiungi kabisa? RTMP kwa kawaida hupita mlango wa 1935, na baadhi ya mitandao ya ofisi huufunga. Jaribu RTMPS kupitia 443, kama seva inaikubali.

Kuchelewa si kuganda. HLS hukata video vipande vipande. Apple inapendekeza sekunde 6 kila kimoja. Simu hupokea vipande kadhaa kabla ya kuonyesha, ndiyo maana mtazamaji anaweza kuwa nyuma kwa sekunde 20 bila kuwepo hitilafu yoyote.

Si kila kosa liko kwenye msimbo. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikayumba Tanzania nzima. Siku kama hiyo, linganisha: seva ya ndani ya nchi ikijibu haraka na ya nje ikasuasua, hakuna haja ya kufumua programu.

Mwisho, jaribu mapema palepale pa shughuli, kwa laini ileile. Kumbuka wageni wakijaa, simu zao nazo zinagombea mnara huohuo. Weka laini ya mtandao mwingine mfukoni.