Njia za Ukingo wa Mfongo

Kodi baiskeli mjini Moshi, mwambie kijana wa kukuongoza kwamba hutaki kuonana na magari, naye atakupandisha Uru, Old Moshi au Kibosho na kukuingiza kwenye vijia vya changarawe vinavyopita chini ya migomba na mikahawa. Mkifika mahali njia inapotulia ubavuni mwa mlima, haipandi sana wala haishuki sana, atakwambia: hii ni njia ya Mjerumani. Huku kwetu Mjerumani amekuwa jibu la kila swali. Daraja la mawe ni lake, mti mkubwa ni wake, na sasa hata vijia vya migombani tumemkabidhi.

Sina nia ya kumdhulumu. Reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, ni kazi yake, kwa maana kwamba yeye aliamuru na wengine wakachimba. Lakini vijia ambavyo waendesha baiskeli wanavipenda leo vina mhandisi mwingine, na alama zake zinaonekana kwa yeyote mwenye subira ya kukaa na ramani za kipimo cha 1:50,000, zile zilizochorwa kutokana na picha za ndege. Watu wa historia huzipita ramani hizo wakikimbilia barua za wamisionari. Ndani yake kuna mistari myembamba inayoanzia kwenye makorongo ya msituni, ikiambaa ubavuni mwa mgongo huku ikipoteza kimo kidogo kidogo, mpaka inajikuta juu ya mgongo wenyewe, katikati ya vihamba, mashamba ya nyumbani. Hiyo ni mifongo, mifereji ya Wachagga. Na mara nyingi, sambamba na mfongo, kuna kijia.

Lazima kiwepo. Mito ya Kilimanjaro upande wa kusini, kama Weruweru, Karanga, Rau na Himo, imechimba makorongo marefu, na watu wanaishi juu ya migongo iliyo kati yake. Maji yako chini, shamba liko juu. Dawa yake ni kwenda kuyapokea maji mbali huko juu, karibu na msitu au ndani yake, kisha kuyaongoza ubavuni taratibu. Mteremko ukizidi, maji yatakula ukingo. Ukipungua, mchanga utajaa na mfongo utakufa. Kwa hiyo wachimbaji walitafuta mteremko wa katikati, nao ndio ule ambao tairi la baiskeli linaupenda. Mfongo haukuchimbwa ukaachwa. Ulikuwa na ukoo wa mwanzilishi na kiongozi wake, meni mfongo, aliyeitisha watu kuzibua, kuziba mivujo na kugawa zamu za maji. Udongo uliozolewa ulitupwa ukingoni, watu wakaukanyaga, na mwaka kwa mwaka ukawa njia. Ufaransa watu husafiri kutoka mbali kwenda kuendesha baiskeli kando ya Canal du Midi, kwenye njia za farasi waliovuta mashua tangu karne ya 17, wala hakuna anayesahau kwamba mfereji ndio uliozaa njia. Sisi tunayo njia, na mfereji tumeusahau.

Wageni wa zamani hawakuusahau. Mwingereza Harry Johnston, aliyekaa kwa Mangi, yaani mtawala, Rindi wa Moshi mwaka 1884 (yeye akimwita Mandara, kama walivyofanya wageni wengi), aliisifu mifereji hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1886. Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza aliyeitawala wilaya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, aliishangaa tena katika kitabu chake cha mwaka 1924. Wapo wanaotafuta fundi mgeni aliyewafundisha Wachagga kuchimba. Hao sina muda nao. Mtu anayekaa juu ya mgongo huku akisikia mto ukinguruma chini yake hahitaji mwalimu kutoka ng'ambo ili apate wazo.

Hoja inayostahili jibu refu ni nyingine. Inasema: sawa, vijia vya mifongo vilikuwapo, lakini kila kimoja kiliishia kwenye mgongo wake. Kabla ya Mjerumani mlima ulikuwa vipande vipande, kila mangi na mitaro yake ya vita, na hakuna aliyekatisha kutoka Machame mpaka Marangu akafika salama. Njia ya kukatisha mlima, basi, ni zao la utulivu wa boma, yaani utawala wa Mjerumani. Hoja hii ina nguvu kwa sababu inafuata vitabu vyetu bora. Kathleen Stahl, katika historia yake ya Wachagga ya mwaka 1964, anakwenda umangi kwa umangi, na msomaji anatoka akiwa na picha ya visiwa vilivyotenganishwa na makorongo. Stahl naye aliegemea sana madaftari ya Nathaniel Mtui, Mchagga aliyeyakusanya masimulizi ya wazee mapema katika karne ya 20. Masimulizi ya wazee, kama kawaida, ni ya mashujaa na vita.

Lakini vita vyenyewe visomwe vizuri. Mangi Sina wa Kibosho alisifika kwa kuvamia majirani na kuteka ng'ombe. Jeshi lilipita wapi? Na ng'ombe walirudishwaje? Ng'ombe hashuki korongo la Karanga na kupanda upande wa pili pasipo njia iliyokwisha kukanyagwa na kwato nyingine. Mtaro wa vita nao huchimbwa pale ambapo adui anatarajiwa kupita. Hakuna anayechimba handaki kuzuia mahali pasipopitika. Wanaoihesabu mitaro hiyo kama ushahidi wa kutokuwapo kwa njia wanaishika hoja kwa mkia.

Kisha kuna biashara, ambayo wasimulizi wa mashujaa hawakuiona kuwa na heshima ya kutosha. Chuma kilitoka Ugweno, upande wa Upare. Magadi yalitoka tambarare. Wanawake walikuwa na masoko yao, na ndizi, maharage na pombe ya mbege vilisafiri kwa vichwa vyao kuliko kwa amri ya mangi yeyote. Misafara ya pwani, ya Pangani na Mombasa, ilikuwa ikipanda mlimani kabla ya mzungu wa kwanza. Mmisionari Johannes Rebmann alipoiona theluji tarehe 11 Mei 1848 na kufika Kilema kwa Mangi Masaki, alikuwa nyuma ya Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyezijua njia hizo kabla yake. Miezi michache baadaye mmisionari huyo huyo alifika Machame kwa Mangi Mamkinga. Mtu mwenye mwavuli na Biblia hakufungua njia.

Kwa hiyo Mjerumani alifanya nini? Alizitwaa. Mwaka 1891 kamanda wa Kijerumani, Wissmann, alimpiga Sina. Mwaka 1892 askari wa Mangi Meli, mwana wa Rindi, walilishinda jeshi la Kijerumani la von Bülow, na kamanda mwenyewe akafa. Mwaka uliofuata Mjerumani mwingine, von Schele, akaja na nguvu kubwa zaidi, na Moshi ikaanguka. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na Ngalami wa Siha, Molelia wa Kibosho na viongozi wengine. Baada ya hapo boma lilitaka kufika kila umangi kwa miguu mikavu, na mangi aliyebaki hakuwa na ubavu wa kukataa. Pembe ilipulizwa, watu wakatoka na majembe. Utaratibu wa kuitana kwa pembe ulikuwa wa kale, wa kazi za mangi na za mfongo. Sasa ulitumika kupanua vijia ambavyo babu zao walikuwa wamevikanyaga. Tukisema njia ya Mjerumani kwa maana hiyo ya kulazimishwa, mimi sina ubishi.

Mengine yalikwenda haraka. Reli ilikomea tambarare, na mji ukaifuata huko, ukawaacha Old Moshi na njia zao. Kahawa ndiyo iliyozirudishia njia za juu uhai: chama cha wakulima wenyeji, KNPA, kilianzishwa mwaka 1925, chama cha ushirika cha KNCU kikafuata mwaka 1933, na kila kijiji chenye chama cha msingi kilihitaji barabara ya lori, hata kama lori lilifika wakati wa mavuno tu. Njia pana za changarawe ambazo leo baiskeli mbili zinapita sambamba zinadaiwa zaidi na kahawa kuliko na boma. Umangi ukafutwa, vyama vya ushirika vikavunjwa mwaka 1976 na kurudishwa miaka ya 1980, kisha mkataba wa kimataifa wa kahawa ulipoporomoka mwaka 1989 bei ikaanguka nao. Wakulima wengi waling'oa mikahawa wakapanda mahindi na nyanya. Lori likapungua. Barabara ya lami ya chini, ile ya Arusha na Himo, ikachukua magari yote yenye haraka. Utulivu ambao mgeni anaulipia leo, kwa sehemu kubwa, ni wa njia ambazo biashara imezihama. (Bodaboda hazijui utulivu huo, na mgeni aliyeahidiwa ukimya aambiwe mapema.)

Juu zaidi hali ni ngumu. Ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na majani bila kuugusa msitu wa hifadhi, uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Njia zake ni nzuri kwa tairi, na mamlaka ya hifadhi hiyo, KINAPA, imeiruhusu baiskeli kwenye njia ya Kilema, ile ile ambayo magari ya uokoaji hupitia kuwateremsha wagonjwa. Mama wa Kilema anayetaka majani ya ng'ombe wake wa zizini haingii huko kwa hiari yake. Sipingi utalii. Ila nasema historia ya ukanda ule ni ya hao akina mama, na haimo katika maelezo anayopewa mtalii.

Hatari iliyo karibu haiko msituni bali vihambani. Mabomba yamechukua kazi ya mifongo mingi, na mfongo usio na maji hauna anayeuzibua. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, inasimamia barabara za vijijini, lakini ukingo wa mfongo si barabara kwenye orodha yoyote. Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani inatoa vibali vya maji, nayo haina sababu ya kulinda ukingo mkavu. Ukoo wa meni mfongo ungali unajua mpaka uko wapi, lakini hakuna zamu tena ya kuwaita watu kazini, na mwenye kihamba jirani anasogeza migomba yake hatua moja kila msimu.