Kusimamia au Kumudu?

Aprili 12, 1992, Disney ilifungua bustani yake ya burudani huko Marne-la-Vallée, mashariki mwa Paris. Ndani ya bustani pombe ilipigwa marufuku, katika nchi ambako glasi ya mvinyo ni sehemu ya chakula cha mchana. Migahawa ilipangwa kwa wateja wanaokula wakati wowote, kumbe Wafaransa walifurika kwa pamoja kuanzia saa sita na nusu mchana. Wafanyakazi nao walipinga masharti ya ndevu na nywele. Bustani ilipata hasara miaka ile, zaidi kwa sababu ya madeni na mdororo wa uchumi wa Ulaya, lakini Disney ililegeza msimamo wake pia: mwaka 1993 mvinyo uliruhusiwa.

Kazi ya kuzuia migongano ya namna hii huitwa kwa Kiswahili usimamizi wa tofauti za kitamaduni. Tafsiri hii inaeleweka, ila neno la kwanza lina kasoro.

Anayesimamia ana mamlaka. Ndivyo alivyo msimamizi wa mirathi, wa mtihani, wa ujenzi. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa hapa, manage, lina pia maana ya pili, kuliweza jambo gumu, na hiyo ndiyo iliyoachwa njiani. Kiswahili kinayo: kumudu. Kampuni mbili za nchi mbili zinapofanya biashara pamoja, hakuna aliye msimamizi wa mila za mwenzake. Tokyo Disneyland, iliyofunguliwa mwaka 1983, inamilikiwa na kuendeshwa na kampuni ya Kijapani, Oriental Land. Disney hulipwa mrabaha. Hapo amri haitoshi, lazima kuelewana. Kwa hiyo kumudu tofauti za kitamaduni ni istilahi iliyo karibu zaidi na kazi yenyewe.

Hata saa huhitaji kumudiwa. Wakala wa Milano aliyejifunza kuhesabu kwa Kiswahili anaweza kumwandikia dereva wa Zanzibar awachukue wageni "saa nane", akikusudia asubuhi. Dereva, kwa haki kabisa, atafika baada ya adhuhuri, na ndege itakuwa imeondoka. Hakuna mzembe hapo. Kila mmoja amefuata saa yake. Dawa yake ni ndogo: kwenye ratiba kuandikwe 08:00, na pembeni yake, saa mbili asubuhi.