Rumonge

Rumonge ni mji wa Burundi kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Bujumbura, kando ya barabara iendayo Nyanza-Lac. Wakazi wake huzungumza Kirundi na Kiswahili, na huishi kwa uvuvi, biashara na kilimo cha michikichi.

Historia. Mwaka 1879 wamisionari Wakatoliki wa shirika la Mapadre Weupe walianzisha misheni Rumonge. Mei 1881 watatu kati ya wamisionari hao waliuawa, misheni ikafungwa. Aprili 1972 mwambao huu ulikumbwa na uasi na mauaji, na wengi wakakimbilia Tanzania. Waliorejea baadaye walikuta ardhi yao ikilimwa na wengine, na migogoro ikadumu miaka mingi. Mwaka 2015 Rumonge uliwekwa kuwa makao makuu ya mkoa mpya wenye jina hilo. Mageuzi ya mikoa ya mwaka 2025 yaliufuta mkoa huo, na mji ukaingia katika mkoa wa Burunga.

Mapumziko. Wageni huogelea katika fukwe za Resha, huoga katika chemchemi za maji moto za Mugara na hutembelea msitu wa Kigwena. Vyakula vinavyopendwa ni samaki aitwaye mukeke wa kuchoma na ndagala, yaani dagaa.