Upakiaji wa ramani kwenye GPS ya mkononi
Uhamishaji wa ramani, njia na alama za mahali kutoka kompyuta hadi kumbukumbu ya kifaa. GPS nyingi za Garmin, zikiunganishwa kwa waya wa USB, huonekana kama diski ya nje: ramani za .img huwekwa katika folda ya Garmin, na njia katika folda ndogo ya GPX, muundo huru uliotolewa 2002. Vifaa vya zamani vilitambua jina moja tu, gmapsupp.img, hivyo kunakili ramani mpya bila uangalifu kulifuta ya awali. Programu ya mkgmap hugeuza data za OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza 2004, kuwa ramani za .img zisizolipiwa. Ramani kubwa zikiwekwa kwenye kadi ya kumbukumbu, kadi yenye mfumo wa faili wa FAT32 haipokei faili linalofikia GB 4.