Wamakonde wa Kwale: Wenyeji waliosubiri uraia kwa zaidi ya nusu karne

WAMAKONDE ni jamii ya Kibantu ambayo chimbuko lake ni pande mbili za Mto Ruvuma, kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Nchini Kenya ni kabila dogo: sensa ya 2019 iliwahesabu 3,764, na makao yao makuu ni Kaunti ya Kwale.

Walianza kuingia Pwani katika miaka ya 1930, enzi za ukoloni, kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, yakiwemo yale ya Ramisi. Wengine walikuja baadaye wakikimbia vita vya Msumbiji.

Kenya ilipojipatia uhuru mwaka 1963, Katiba ilimpa uraia wa moja kwa moja mzaliwa wa Kenya ambaye angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa humu. Watoto wengi wa vibarua hao hawakutimiza sharti hilo. Hivyo walibaki wageni katika nchi pekee waliyoijua.

Kukosa kitambulisho kulimaanisha kukosa hati ya shamba, akaunti ya benki, kura na kazi ya mkataba. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, hata riziki ya kibarua ilitoweka.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 iliwafungulia mlango watu wasio na utaifa, lakini utekelezaji ulijikokota. Oktoba 2016, Wamakonde waliandamana kwa miguu kuelekea Nairobi na kupokewa Ikulu. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wapewe vitambulisho kabla ya Desemba mwaka huo kumalizika. Februari 1, 2017, aliwatambua rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya.

Kisa hiki kina mfano wake ughaibuni. Nchini Syria, sensa ya mwaka 1962 katika mkoa wa Hasakah iliwavua uraia Wakurdi wapatao 120,000. Amri ya kuwarejeshea wengi wao ilitolewa Aprili 2011, karibu miaka 50 baadaye.

Wakurdi walinyang'anywa uraia, ilhali Wamakonde hawakuwahi kupewa. Hata hivyo, adha ilikuwa moja: mzazi asiye na karatasi humrithisha mwanawe ugeni. Kwa Kenya, Wamakonde walitangulia njia. Wapemba wa Pwani walitambuliwa mwaka 2023.