Taa ya Mjini, Maji ya Usangu

Ukibonyeza swichi pale Kariakoo na taa ikawaka, usidhani umeme unaota ukutani. Unatoka mbali, bwana, na huko unakotoka kuna watu.

Wajerumani ndio waliowasha umeme wa kwanza Dar es Salaam, mwaka 1908, kwa ajili ya karakana ya reli na mitaa ya wakubwa. Siri yake mpaka leo ni ileile: sumaku ikizunguka karibu na nyaya za shaba, umeme unapita. Kinachobadilika ni nani anazungusha: mvuke, dizeli, gesi au maji yanayoporomoka.

Sisi tuliegemea maji. Mwaka 1975 Kidatu ilianza kazi kwa nguvu ya mto Ruaha Mkuu, baadaye ikafikia megawati 204. Huko juu likajengwa bwawa la Mtera, liweke akiba ya kiangazi. Mambo shwari, mpaka ukame wa 1992. Mgao! Ukarudi 1994, ukarudi tena 2006. Saluni kimya, mashine za kusaga kimya, mwanafunzi na kibatari chake.

Lawama zikapanda mto. Eti wakulima wa mpunga wa Usangu wanatumalizia maji, eti ng'ombe wanakausha Ihefu. Mwaka huohuo wa 2006 wafugaji wakaanza kuhamishwa na mifugo yao. Lakini wataalamu waliopiga hesabu za mabwawa walionyesha kuwa hata namna maji yalivyofunguliwa Mtera ilichangia upungufu wa miaka ya tisini. Hesabu ilifanyika ofisini, deni likalipwa bondeni.

Na gesi je? Iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, ikangoja miaka 30 kabla ya kuzungusha mitambo ya Ubungo mwaka 2004. Ndiyo iliyotupunguzia kutazama mawingu kila msimu.

Mwaka 2024 bwawa la Julius Nyerere likaanza kuzalisha, lenye mitambo ya megawati 2,115. Limejengwa Rufiji, chini ya pale Ruaha Mkuu unapomwaga maji yake. Yaani Usangu bado inatuwashia taa.

Vijana wenzangu wa kalamu, giza la mgao tumeliandika sana. Yule mfugaji aliyeswaga ng'ombe wake kutoka Ihefu ili sisi tupate mwanga, nani ameandika habari zake?