Ekdisi: Kujivua Gamba na Yanayotangulia na Kufuata

Mtu anayefuga tarantula kwa mara ya kwanza huingiwa na hofu siku atakapomkuta amelala chali ndani ya kasha lake, miguu minane ikiwa imetanda hewani. Asiyejua hudhani amekufa na huenda akamtupa angali hai. Kumbe buibui anayekufa hulala kifudifudi, miguu imejikunja chini ya kiwiliwili, kwa sababu miguu ya buibui hunyooshwa kwa shinikizo la damu, na shinikizo likiisha misuli huikunja. Aliyelala chali yu mzima. Anabadili gamba, na tendo hilo katika biolojia linaitwa ekdisi.

Istilahi hii ni ya Kigiriki, na asili yake ni kuvua nguo. Kiswahili kilifika papo hapo bila kuazima kwa mtu. Tunavua nguo, tunavua viatu, tunavua kofia, na nyoka hujivua gamba. Kitenzi ni kilekile, na kimechaguliwa vizuri, maana lugha yetu haina uhaba wa vitenzi vya kutoa kitu cha juu. Ng’ombe aliyechinjwa huchunwa, muhogo humenywa, ngozi iliyoungua hubambuka, kuku hunyonyoka manyoya. Kiingereza hutumia neno moja kwa kuku na kwa buibui. Kiswahili hakiwachanganyi, na sioni sababu ya mwandishi wa kitabu cha sayansi kuwachanganya kwa kuwa tu kitabu anachokitegemea kimefanya hivyo. Ndege hupoteza manyoya moja moja. Buibui hutoka ndani ya mwili wake wa zamani mzimamzima. Kwa hiyo ekdisi ni kujivua gamba, na ningependa kuona tafsiri hiyo ikisimama katika vitabu vya shule badala ya “kubadili ngozi” ninayokutana nayo mara kwa mara.

Ngozi ndiyo inayopotosha. Nyoka huvua tabaka la juu la ngozi, mifupa ikabaki ndani kama ilivyokuwa. Buibui hana mfupa ndani. Kinachomsimamisha ni gamba lenyewe, lililojengwa kwa kitini na protini, na misuli yake mingi imeshikizwa humo. Anapolivua anavua kiunzi chake. Wala si la nje tu: pamoja nalo hutoka utando wa ndani wa mdomo na wa tumbo la kufyonzea chakula, kuta za mapafu yenye kurasa kama za kitabu, meno ya sumu, na kwa jike hata vifuko anamohifadhia mbegu za dume. Ukilishika gamba lililovuliwa na kuligeuza, utaona kurasa hizo za mapafu, nyeupe, nyembamba kuliko karatasi ya sigara. Ngozi gani hiyo?

Neno gamba nalo lina historia ya karibuni inayofaa kutajwa. Mwaka 2011 CCM ilipotangaza kujivua gamba, usemi huo uliingia katika mazungumzo ya kila siku Tanzania nzima, ukiwa na maana ya kutupa kilichochafuka. Ni sitiari nzuri ya siasa, lakini mwanafunzi akiibeba hadi kwenye somo la biolojia ataelewa vibaya. Gamba la buibui halivuliwi kwa kuwa ni bovu. Huvuliwa kwa kuwa ni gumu na mwili unakua, na kitini haitanuki. Wavuvi wa mikokoni wanalijua hili kwa kaa, ambaye akitoka kwenye gamba lake huwa laini wa kubonyea, na hujificha.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo ninalotaka kulisema. Kujivua gamba ni tafsiri sahihi ya tendo moja, na sisi tumeibebesha matendo matatu. Mfugaji anayedhani kila kitu huanza na kuisha siku ile buibui anapolala chali atamdhuru, ama kabla ama baada.

Tendo la kwanza wataalamu wanaliita kwa neno ambalo likitoholewa litakuwa apolisisi, na msomaji atasikia polisi. Tuliache. Maana yake ni gamba la zamani kuachana na tishu zilizo chini yake, ili gamba jipya lijengwe katikati, likiwa laini na lenye mikunjo. Kiswahili kina kubanduka, yaani kuachia kwa kitu kilichokuwa kimegandamana, na hilo ndilo linalotokea. Kinachoamrisha kubanduka ni homoni inayoitwa ekdisoni, ambayo Adolf Butenandt na Peter Karlson waliipata mwaka 1954 kutoka kwa pupa wa nondo wa hariri. Kwa tarantula mkubwa hatua hii huchukua majuma mengi. Chukua Brachypelma hamorii wa pwani ya Pasifiki ya Meksiko, mwenye magoti ya rangi ya machungwa, anayependwa sana na wafugaji wanaoanza. Atakataa chakula. Atapooza, rangi zake zitafifia. Kama ana upara nyuma ya tumbo, pale alipojipangusa vinyweleo vyake vinavyowasha, ngozi ya upara huo itageuka kutoka rangi ya nyama kuwa nyeusi, kwa sababu vinyweleo vipya vimekwisha kuota chini yake na vinaonekana. Mfugaji humwona mgonjwa, akamwongezea nyenje na mende ili ale. Afadhali angemwongezea maji kwenye kisahani na kumwacha.

Kisha huja kujivua kwenyewe. Buibui hutandaza kitanda cha hariri juu ya vumbi la makumbi ya nazi ambalo wafugaji wengi hulijaza kashani, na Theraphosa blondi wa Amerika ya Kusini huchomeka humo vinyweleo vyake vinavyowasha ili anayemjia apate chake. Anajipindua chali. Moyo huongeza kasi, damu inasukumwa kutoka tumboni kwenda kifuani, tumbo linasinyaa, na kwa shinikizo hilo kigao cha mgongoni hupasuka kandokando na kuinuka kama kifuniko. Halafu ufa unateremka ubavuni mwa tumbo. Kinachofuata ni cha taratibu mno: buibui anasukuma, anapumzika, anasukuma tena, na miguu yote minane inatoka kwa pamoja katika mirija yake ya zamani, kila kinyweleo kikitoka katika ala yake. Kwa mtoto mdogo ni dakika chache. Kwa mtu mzima ni saa kadhaa, na mara nyingi ni usiku.

Meno ya sumu hutoka yakiwa meupe kama maziwa. Ndiyo alama ya kwamba tendo la tatu limeanza, na hili ningeliita kukakamaa. Meno yatapita kwenye wekundu kabla hayajawa meusi, na hadi hapo hayawezi kuchoma chochote. Nyenje aliyesahauliwa ndani ya kasha anaweza kumtafuna buibui mara kumi ya ukubwa wake, kwa sababu hakuna gamba la kumzuia wala jino la kumkomesha. Wafugaji makini huondoa kila mdudu hai mara tu dalili za kubanduka zinapoonekana, na hawampi buibui chakula hadi meno yamekuwa meusi, jambo linaloweza kuchukua juma zima au zaidi kwa aliye mkubwa.

Katika neno kujivua, silabi ninayoiheshimu zaidi ni ile -ji-. Hakuna wa kumvua. Kumgusa, kumgeuza ili “akae vizuri” au kumvuta mguu ulionasa ni kumpasua, kwa kuwa chini ya gamba linaloondoka lipo jipya lenye ulaini wa utando wa yai. Mguu ukinasa kabisa, mara nyingi yeye mwenyewe huuacha, na akijivua safari nyingine huota mwingine, kwanza mwembamba, baadaye wa kawaida.

Kinachobaki kashani, ambacho vitabu hukiita eksuvia, mimi ningekiita gamba tupu. Tusikitupe. Kikiwa bado kibichi hukunjuka kwa urahisi. Kikikauka, kilowekwe kwenye maji yenye tone la sabuni. Katika sehemu ya tumbo, kati ya jozi ya kwanza ya mapafu, jike huacha alama ya vile vifuko vya mbegu, na dume haachi alama hiyo. Kwa njia hiyo jinsia hujulikana bila kumshika mnyama. Faida yake inaonekana kwa Pterinochilus murinus, aliyeelezwa na mwanazuolojia Pocock mwaka 1897, buibui wa Afrika ya Mashariki na Kusini ambaye aina yake ya rangi ya machungwa inauzwa Ulaya na Marekani kwa jina la milima yetu ya Usambara. Tarantula wa Afrika hawana vinyweleo vinavyowasha. Kinga yao ni mbio na meno, na maumivu ya kuumwa na huyu hayasahauliki upesi. Gamba lake tupu, kwa upande mwingine, mtoto wa shule anaweza kulisoma mezani kwa kioo cha kukuzia.

Limebaki neno moja. Kipindi kati ya kujivua na kujivua wataalamu wanakiita kwa neno la Kilatini, instar, na watafsiri wengi wanakiandika “hatua”. Hatua inafaa kwa kila kitu, na kwa hiyo haielezi kitu. Mimi napendekeza rika. Jamii nyingi za kwetu zilihesabu marika kwa jando na si kwa miaka, na buibui naye hahesabiwi kwa miaka: watoto wa fuko moja la mayai, mmoja akilishwa sana mahali penye joto na mwingine akilishwa kidogo, baada ya mwaka mmoja watakuwa wa marika tofauti kabisa. Mfugaji akisema ana hamorii wa rika la tano, mwenzake anajua ukubwa wake kwa makadirio na anajua ampe mdudu wa kiasi gani. Dume ana rika la mwisho. Akijivua kulifikia, hutoka na vifundo vya kubebea mbegu kwenye ncha za vipapasio vyake, na kwa spishi nyingi hutoka pia na kulabu kwenye miguu ya mbele za kuyazuia meno ya jike wakati wa kujamiiana. Baada ya hapo huishi miezi, pengine mwaka na kitu, na akijaribu kujivua tena kwa kawaida hunasa na kufa. Jike wa hamorii huendelea kupanda marika akiwa mtu mzima, mara moja kwa mwaka au kwa miaka miwili, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20.